Naomba umrekodi bibi

Mwangaluka dada! Za Mwanza, watoto hawajambo, na shemeji mguu umepona? Huku tupo, tumbaku iko mabanini, moshi kila kona. Najua nimekaa kimya toka Krismasi, nisamehe, ila leo nna shida na ni wewe tu wa kunisaidia.

Wazee wa kanisa wamenipa kazi ya kuandika historia ya ushirika, isomwe Pasaka alfajiri kule makaburini. Nikajua ya siku mbili tu, kumbe. Habari za Wazungu ziko tele: London Missionary Society walifika hapa Urambo 1879 kwa Mtemi Mirambo, yule daktari wao Southon akapigwa risasi ya bahati mbaya mkononi, mkono ukakatwa na bado akafa, 1882, halafu 1898 Wamoravian ndo wakakabidhiwa kituo. Hayo unayapata umekaa. Ila dada, nani alimshikilia Southon wakati mkono unakatwa? Nani alikuwa wa kwanza kurudi kwao na kumwambia babaye mi nabatizwa? Hakuna jina hata moja!

Nikafungua daftari la zamani la ubatizo, mchwa wameanzia pembeni wakaingia mpaka katikati, unasoma herufi tatu za jina halafu tundu. Nililia kwa kweli.

Ndo nikamkumbuka bibi. Si unakumbuka alivyokuwa anatusimulia baba yake walivyofyatua tofali za kanisa, wanalala nazo porini mvua isije ikaziharibu, na sisi tunasinzia karanga mkononi? Alikuwa anataja watu wote mmoja mmoja! Naomba umrekodi kwenye simu, kwa Kinyamwezi hivyohivyo, usimkatize hata akirudia. Majina dada, nataka majina. Maana kila Pasaka jua linachomoza tunasema Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate, na tumesimama juu ya watu ambao misalaba yao ilishaoza na hatujui ni akina nani.

Anasikia vizuri bado? Asubuhi ndo anakuwa na nguvu au jioni? Ile picha ya watu chini ya mwembe aliyokuwa kaitundika chumbani ulienda nayo au ilibaki kwa anko? Na baba yake kanisani walimwandika jina la ubatizo au lile la nyumbani? Jumapili hii utaweza?

Wako wa sauti ya pili