Waliogonga milango hawakuwa mahipi

Ndugu Mhariri,

Toleo lenu la Jumapili iliyopita lilikuwa na makala ndefu kuhusu vijana wa Marekani waliozaliwa na kukua miaka ya Vita Kuu ya Pili na baada yake. Mwandishi anasema kizazi kile kilishiba, kikachoka kushiba, kikafuga nywele, kikavuta bangi na kuwatukana wazazi, ndio wale walioitwa mahipi, kisha kikaenda kuajiriwa benki. Maneno matamu, nakiri, nimeyasoma mara mbili. Ila chini yake mmeweka picha ya umati wa tamasha la Woodstock na maelezo kwamba hao ni vijana "wakidai haki zao". Waliokwenda Woodstock, Agosti 1969, walikwenda kusikiliza muziki kwenye shamba la mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Walikuwa wapatao 400,000, mvua ikawanyeshea, wakagaagaa matopeni, wakarudi makwao. Haki waliyokuwa wakiidai pale, kama ipo, labda ni ya vyoo.

Anayetaka kuwaona waliodai haki aanzie Greensboro, North Carolina, tarehe 1 Februari 1960. Wanafunzi wanne weusi waliingia duka la Woolworth, wakanunua vitu vidogo vidogo kama dawa ya meno, wakalipa, wakapewa risiti. Kisha wakaketi kwenye kaunta ya chakula ya duka lilelile wakaagiza kahawa. Wakaambiwa hapo weusi hawahudumiwi. Hawakugomba wala kuvunja glasi. Walikaa hadi duka likafungwa, na kesho yake wakarudi na wenzao. Fedha ya mtu mweusi ilikuwa halali kwa dawa ya meno, haramu kwa kahawa, na risiti ya kuthibitisha hilo walikuwa nayo mfukoni. Ilichukua karibu miezi sita. Duka liliposalimu amri tarehe 25 Julai, weusi wa kwanza kuhudumiwa kwenye kaunta ile walikuwa wafanyakazi wa duka lenyewe, watu ambao siku zote walikuwa wakihangaika jikoni kwa ajili ya chakula cha wengine.

Aprili mwaka huohuo wanafunzi walioanzisha migomo ya namna hiyo walikutana mji wa Raleigh wakaunda SNCC, kamati yao ya kuratibu harakati zisizotumia nguvu. Aliyewaita alikuwa Ella Baker, mama wa miaka 56. Namtaja kwa makusudi, maana mwandishi wenu ameshikilia ule usemi kwamba vijana wa enzi zile hawakumwamini yeyote aliyevuka miaka 30. Usemi huo ni wa Jack Weinberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na aliutoa akimjibu mwanahabari aliyekuwa akimchokonoa aseme ni wazee gani wanaowatuma. Lilikuwa jibu la kumfunga mtu mdomo, si kanuni ya kizazi. Vijana wa SNCC walimsikiliza sana mama yule, na ushauri wake mkubwa ulikuwa kwamba wasikubali kumezwa na taasisi za wakubwa.

Mmoja wa waliomsikiliza alikuwa Bob Moses, mzaliwa wa Harlem, mwalimu wa hisabati New York mwenye shahada ya uzamili ya falsafa kutoka Harvard. Mwaka 1961 alikwenda Mississippi kuwasaidia weusi kujiandikisha kupiga kura. Huko mwombaji alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akieleze, na karani ndiye aliyeamua kama maelezo yanatosha. Kwa karani huyo, maprofesa weusi wangeshindwa na wazungu wasiojua kusoma wangefaulu. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 60 weusi walioandikishwa jimboni hawakufika asilimia 7 ya wenye umri wa kupiga kura. Agosti mwaka ule Moses alipigwa kichwani hadi damu ikamtiririka. Akaendelea kuwasindikiza wakulima aliokuwa nao mpaka ofisini kwa karani, na baadaye akamshtaki mzungu aliyempiga, jambo ambalo kule halikuwa likifanyika. Mahakama ikamwachia huru. Mwezi uliofuata, Herbert Lee, mkulima mweusi aliyekuwa akishirikiana naye, akauawa kwa risasi na mjumbe wa bunge la Mississippi mchana kweupe.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea nyumba kwa nyumba. Unagonga mlango, unakaa barazani, unazungumza habari za pamba na watoto, unarudi wiki ijayo. Haina picha nzuri ya gazetini, naelewa.

Kiangazi cha 1964 SNCC na wenzao walialika wanafunzi kutoka kaskazini, wengi wao wazungu, zaidi ya 700. Kila mmoja aliambiwa aje na dola 500 za dhamana, kwa kuwa kukamatwa kulikuwa sehemu ya ratiba. Tarehe 21 Juni, wengine wakiwa bado mafunzoni Ohio, vijana watatu walitoweka: James Chaney, mweusi wa palepale Mississippi, na Andrew Goodman na Michael Schwerner, wazungu kutoka New York. Maiti zao zilifukuliwa Agosti kwenye tuta la bwawa. Hata hivyo shule za muda kama 40 zilifunguliwa, na watoto wakafundishwa historia ambayo shule za serikali ziliwaficha.

Miongoni mwa waliofundisha kiangazi kile ni Mario Savio, mwanafunzi wa Berkeley. Aliporudi chuoni Septemba alikuta uongozi umepiga marufuku meza za kugawa vipeperushi na kuchangisha fedha za harakati kama zile za kusini. Tarehe 1 Oktoba Weinberg alikataa kuiacha meza yake, akaingizwa kwenye gari la polisi. Wanafunzi wakalizunguka gari lile kwa saa 32. Waliopanda juu yake kuhutubia walivua viatu kwanza, wasilikwaruze. Mtu anayevua viatu ili asichubue rangi ya gari la polisi, mwandishi wenu anamwita mhuni aliyeshiba! Desemba wakakamatwa karibu 800 kwa kukaa ndani ya jengo la utawala.

Vita vya Vietnam nitavipitia haraka, maana makala yenu haikuvikosea sana. Imesahau tu kwamba waliopinga hawakuwa wanafunzi peke yao. Aprili 1971 askari waliorudi vitani walikwenda Washington wakatupa nishani zao mbele ya jengo la Bunge. Na mliposema wanafunzi wanne waliuawa chuo cha Kent State tarehe 4 Mei 1970, mngeongeza chuo cha Jackson State, Mississippi, ambako siku 11 baadaye polisi waliua vijana wawili weusi. Hao husahaulika kila mwaka.

Mahipi nao siwadharau. Mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, waligawa chakula bure, na Juni 1967 ikafunguliwa kliniki ya bure. Oktoba mwaka huohuo baadhi yao walibeba jeneza barabarani kumzika "mhipi", wamechoshwa na watalii na kamera. Walikuwa na akili kuliko wanavyosimuliwa.

Kosa la kumpima mtu kwa mavazi hata sisi tulilifanya. Mwaka 1969 ulianza kwa Operesheni Vijana: Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwaka huohuo tulipokuwa tukikimbizana na sketi mitaani, Bob Moses alifika Tanzania na mkewe Janet. Mwaka 1966 alikuwa ameitwa jeshini akiwa na miaka 31, umri wa kawaida wa kuitwa ukiwa umempita kwa miaka mitano. Akakimbilia Kanada, kisha akaja kwetu. Akafundisha hisabati hapa Same mpaka 1976. Mimi sikubahatika kuwa mwanafunzi wake, ila nimefundisha somo hilohilo katika wilaya hii kwa miaka mingi, na nimewauliza vijana wengi kama wanamjua. Hawamjui. Mahipi wanawajua.

Aliporudi Marekani, mwaka 1982 alianzisha mradi wa kuwafundisha aljebra watoto wa maskini. Alisema mtoto asiyejua hisabati leo amefungiwa nje kama mwananchi asiye na kura kule Mississippi. Aliendelea na kazi hiyo hadi uzeeni, akafariki Julai 2021. Benki hakwenda.

Naomba maelezo ya picha yenu yasahihishwe. Na mkitafuta badala yake ile picha maarufu ya vijana wanne wameketi kwenye kaunta ya Greensboro, muwe waangalifu pia: ilipigwa siku ya pili, na wawili kati yao si wale wa siku ya kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Same, Kilimanjaro