Gari ya turbo iliyotuniwa, ya mjini: oili isichaguliwe kwa uzito tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma, naona injini nzuri kabisa zinanoki kwa ushauri wa kuambizana. Mtu akishatuni gari yake ya turbo, busti (presha ya hewa ambayo turbo inaisukuma ndani ya injini) imepandishwa, kompyuta imeandikwa upya, swali la kwanza ni niweke oili gani sasa, na jibu karibu kila mahali ni lile lile, weka nzito, tia 20W-50 au 10W-60 ulale usingizi. Wengine wako upande wa pili kabisa, kifuniko kimeandikwa 0W-20 basi ni 0W-20 milele, hata kama injini sasa inatoa nguvu ambayo kiwanda hakikuipanga. Mimi nasema kwa gari ambayo kazi yake kubwa ni kuzunguka mjini majibu yote mawili yanakosea. La kwanza linaangalia gari ikiwa moto inakimbia tu, la pili linasahau kwamba gari imeshabadilika.

Angalia gari ya mjini inaishi vipi. Inawashwa asubuhi, inaenda kilomita nne tano, inakaa foleni, inazimwa, jioni inarudia. Geji ya joto inafika katikati mapema na dereva anajua injini imeshapata moto, kumbe hiyo ni ya maji, oili inachelewa nyuma ya maji na kwenye safari fupi inaweza isifike hata nyuzi 80. Sasa gari iliyotuniwa mara nyingi programu yake inamwaga petroli zaidi pale unapokanyaga, ili moto ndani ya silinda usizidi, na kama ni injini ambayo injekta zinapulizia moja kwa moja ndani ya silinda basi petroli nyingine inagonga ukuta ambao bado ni wa baridi, haichomeki, inapita pembeni ya ringi za pistoni inateremka mpaka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Maji nayo ni hivo hivo, yanatokana na kuungua kwa petroli yenyewe na mvuke wake unapoa unakuwa matone kwenye chuma cha baridi. Kwenye safari ndefu vyote viwili vingepata moto vikapaa, mjini hiyo nafasi hawaipati. Kwa hiyo kabla hatujaongelea uzito wowote tujue kwamba oili ya gari hii inaishi na petroli ndani yake.

Na petroli inafanya nini? Inaikondesha. Namba ya pili kwenye kopo, ile 30 au 40, inaeleza mnato wa oili, yani uzito wake wa kutiririka, ikiwa nyuzi 100. Kwa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya 30 iko kati ya sentistoksi (kipimo cha mnato) 9.3 na 12.5, ya 40 inaanzia 12.5 inaishia 16.3, ya 50 inaanzia hapo kwenda juu. Asilimia chache tu za petroli zinaweza kuishusha oili daraja zima, yani uliweka 30 na baada ya muda wa foleni unaendesha 20 bila kujua, wakati busti yako haijashuka hata kidogo. Ukiweka 40 ikashuka, inaangukia kwenye 30 ambayo injini nyingi bado zinaishi nayo vizuri. Ndio maana mimi kwa gari nyingi za namna hii naanzia 5W-40. Sio kwamba nzito ni nzuri, ni kwamba ina nafasi ya kushuka.

Kuna kipimo kingine watu hawakiulizi kabisa na mimi nakiona ndio muhimu kuliko namba kubwa zilizoandikwa mbele ya kopo, kinaitwa HTHS. Hapo mnato wa oili unapimwa ikiwa nyuzi 150 huku inasagwa kwa kasi, hali inayofanana na ile ya ndani ya beringi za krenki. Oili ya 20 inatakiwa ifike 2.6 tu, ya 30 inatakiwa 2.9, ya 5W-40 inatakiwa 3.5. Sasa kutuni turbo kunaongeza nguvu ya mzunguko kule chini, kwenye 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, na hapo pistoni inasukumwa kwa nguvu kubwa wakati krenki bado haizunguki kwa kasi ya kutosha kujenga utando mnene wa oili, beringi za konrodi ndio zinaumia. Kwa gari iliyotuniwa 3.5 ni sakafu yangu. Na hapa kuna kitu kizuri cha kujua, kopo mbili zote zimeandikwa 5W-30 zinaweza kutofautiana sana, moja ni ya kubana matumizi ya petroli HTHS yake ni kama 3, nyingine imebeba daraja la ACEA (umoja wa viwanda vya magari vya Ulaya) la C3 au A3/B4 na hizo kwa sheria zake haziruhusiwi kuwa chini ya 3.5. Kwa hiyo mwenye injini mpya yenye nafasi ndogo ndogo kati ya vyuma na pampu inayojirekebisha, iliyotoka kiwandani na 0W-20, asiruke mpaka 50, aongee na fundi aliyemtunia na mara nyingi hiyo 5W-30 ya C3 itamtosha.

Nije kwenye 20W-50 na 10W-60. Oili ya 5W-40 ikiwa nyuzi 40 mnato wake ni kama 80 na kitu hadi 90, hizi nyingine mbili ziko kama 160, karibu mara mbili, na nyuzi 40 hadi 70 ndipo oili ya mjini inapopitia muda mwingi. Dereva anaona geji ya presha imepanda anafurahi, lakini presha ile ni ugumu wa oili kupita, si wingi wa oili inayofika. Pampu ina valvu ya kupunguza presha, ikizidi inafunguka na oili inarudishwa kabla haijafika popote, na filta nayo ina njia yake ya dharura, oili ikiwa nzito sana inapita pembeni bila kuchujwa. Wakati huo turbo iko mwisho wa kibomba chembamba inasubiri. Valvu za kubadilisha taiming nazo zinaendeshwa na oili hiyo hiyo kupitia vitundu vidogo, zikichelewa programu uliyolipia inakuwa haifanyi kazi kama ilivyopangwa. Afu oili yenye upana mkubwa kama 10W-60 inategemea sana polima za kuishikilia isikonde kwenye moto, na polima zinakatikakatika kadiri zinavyosagwa. Kama kiwanda chenyewe kimeagiza, sawa, BMW M3 ya E46 iliagiziwa 10W-60 na ifuatwe, ila hiyo injini haina turbo na haikuwa sababu ya kila gari yenye sauti nene kuwekewa hiyo oili.

Watu wanaokaa sehemu zisizo na barafu wanasema hiyo namba yenye W, inayoeleza oili ikiwa baridi, haiwahusu. Ni kweli jaribio la 5W linafanyika nyuzi 30 chini ya sifuri na hatufiki huko, kwa hiyo tofauti ya 0W na 5W sehemu ya joto sio ya kugombana. Lakini kutoka 5W hadi 20W ni mbali, na tofauti hiyo unaikuta kila asubuhi unapowasha hata kama nje kuna jua.

Turbo yenyewe shafti yake inaweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oili, na upande wa ekzosi moto unaweza kupita nyuzi 900. Oili pale inalainisha na pia inabeba moto kuutoa. Ukizima gari ghafla baada ya kukanyaga, oili iliyobaki inapikwa inakuwa kaa gumu na kidogo kidogo inaziba njia. Baadhi ya Subaru za EJ zenye turbo zina kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba la oili, kikijaa uchafu turbo inakufa na mwenye gari anailaumu turbo. Mjini mara nyingi dakika za mwisho ni za polepole kwa hiyo turbo inapoa njiani, anayetakiwa kuwa makini ni yule anayekanyaga mpaka mlangoni kwake. Na vile vile asubuhi usiombe busti kabla oili haijafika kama nyuzi 80, kama hakuna geji ya oili basi weka, ni kifaa chenye faida kuliko vingi vinavyowekwa kwanza.

Sasa kuna hili la petroli kujiwasha yenyewe kabla ya plagi, wataalamu wanaliita LSPI. Linatokea kwenye turbo zenye injekta za ndani ya silinda, mzunguko ukiwa chini na mzigo mkubwa, yani uko gia ya nne polepole unakanyaga upite gari ya mbele, ndio uendeshaji wa mjini kabisa. Tone la oili na petroli linawaka kabla ya wakati, presha inapanda vibaya na pistoni inaweza kupasuka siku hiyo hiyo. Oili ina mchango wake hapa, ilionekana kwamba kalsiamu nyingi kwenye dawa za kusafisha inaongeza tatizo, ndio viwanda vikapunguza na kuingiza magnesiamu, na API, taasisi ya petroli ya Marekani, ikatoa daraja la SN Plus mwaka 2018 kisha SP mwaka 2020 ambalo linapima hilo na pia kulika kwa cheni ya taiming. Kwa hiyo mwenye injini ya aina hiyo akiona kopo la SL au SM, madaraja ya zamani, aliache, atafute SP au jipya zaidi, juu ya ile 3.5 niliyosema. Na ashushe gia kabla ya kukanyaga. Oili peke yake haiwezi kumwokoa anayelazimisha injini kwenye mzunguko 1,500.

Kusoma kopo kunahitaji subira. Neno sintetiki kamili halikuambii mengi, tangu mwaka 1999 kule Marekani, Mobil ilipolalamikia matangazo ya Castrol na chombo cha kusimamia matangazo kikaamua kwamba oili ya kundi la tatu, ile inayotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa sana, nayo inaweza kuitwa sintetiki, neno hilo limekuwa pana. Siyo kwamba kundi la tatu ni baya, zipo nzuri sana. Kinachonipa imani ni idhini ya kiwanda cha magari, mfano MB 229.5, VW 502 00, BMW Longlife-01, Porsche A40, maana hizo oili imepita majaribio ndani ya injini halisi na zote zinadai HTHS ya 3.5 kwenda juu. Uangalie imeandikwa imeidhinishwa, siyo inafaa kwa au inakidhi, hayo mengine ni maneno ya mwenye kopo. Gari yenye chujio la masizi kwenye ekzosi itafutiwe C3 kwa sababu ina majivu kidogo. Oili za mashindano ziachwe huko huko, nyingi hazina dawa za kusafisha za kutosha kukaa miezi kwenye foleni, na vichupa vya kuongezea vinavuruga hesabu ambayo mtengenezaji alishaipanga.

Halafu kilomita. Hapa ndipo naona tunajidanganya zaidi. Ukitembea mjini kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, kilomita 10,000 ni saa 500 za injini kufanya kazi, mwenzako wa barabara kuu anayekwenda 80 anazimaliza kwa saa 125. Oili inahesabu saa, inahesabu kuwashwa baridi, inahesabu petroli iliyoingia. Vitabu vingi vya magari vina sehemu ya matumizi magumu inayotaja safari fupi na kusimama injini ikiwaka, na wengi wetu wa mjini tumo humo. Kwa gari iliyotuniwa mimi ningesema kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, na anayetumia petroli yenye ethanoli nyingi apunguze tena. Oili ya kawaida nzuri inayobadilishwa mapema inaishinda oili ya ghali inayoachwa mpaka 15,000, hilo nalisema bila wasiwasi.

Kijiti cha oili kichunguliwe kila wiki, na siyo kwa ajili ya kupungua tu. Oili ikipanda juu ya alama wakati hukuongeza na ukinusa inanuka petroli, usishangilie kwamba injini haili oili, hiyo ni petroli imejaa humo, mwaga. Safari moja ya nusu saa au zaidi kwa wiki, oili ikiwa moto kweli, inasaidia sana kuitoa kabla haijafika huko.

Ombi langu kwenu ni kwamba ukurasa wa magari unapotaja oili uandike pia daraja lake la ACEA na API na idhini ya kiwanda, msituachie namba mbili tu. Na kwa msomaji ambaye amebadilisha chapa tatu na bado hana amani, apeleke sampuli maabara. Achukue oili ikiwa moto, katikati ya kumwaga, siyo tone la kwanza wala la mwisho, aombe mnato wa nyuzi 100, kiasi cha petroli, chuma na shaba. Kama aliweka 40 na imerudi chini ya 12.5 na petroli ipo, chapa haina kosa, apunguze kilomita na ampelekee fundi majibu hayo aangalie petroli kwenye programu. Kama petroli haipo na mnato umeshuka, hapo polima ndizo zilizokatika, ndio atafute oili nyingine.

Wenu msomaji,
mwenye gari ya turbo