Risala ya Kikundi cha Wakulima kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakulima, Kongwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa kata na kijiji, wazee wetu na wakulima wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kufika hapa shambani.

Mheshimiwa, husemwa kwamba mkulima wa kijijini hayajui mabadiliko ya tabianchi. Tunayajua, ila sisi tunasema mvua imekatika. Mkoa wetu wa Dodoma haujawahi kuwa nchi ya mvua nyingi. Ni takribani milimita 600 kwa mwaka, katika msimu mmoja wa kati ya Desemba na Aprili, na wazee wetu waliuzoea uchache huo. Kinachotutia hofu ni kupanda kwa mvua nzuri, kupalilia, kisha mwezi wa Februari, mahindi yanapotoa mbelewele, jua likawaka wiki tatu mfululizo hadi jani ukilishika asubuhi unalikuta limejisokota kama ukindu. Mvua ikirejea hushuka kwa kishindo na kuzoa udongo. Ukijumlisha milimita za mwaka unaweza kuona zimetosha, na ghala likawa tupu.

Kuhusu chanzo hatuna kauli moja. Wapo wanaotaja ukataji wa miti ya mkaa, wapo wanaosema tumeacha matambiko ya mvua, na vijana wetu wanataja hewa ya ukaa. Tofauti hizo si ndogo, kwani anayeamini kwamba ukame ni adhabu habadilishi mbegu, anasubiri. Akina mama, nao, huipima hatari kwa umbali wa kisima, na akina baba kwa mifugo iliyobaki zizini. Kwa hiyo mkutano wa wanaume peke yao hutoka na nusu ya habari.

Baadhi yetu tumehamia mtama aina ya Macia, unaostahimili ukame, na tunatunza visiki vya miti vichipue upya. Wanaobaki na mahindi hawafanyi hivyo kwa ujinga: watoto wao wamezoea ugali wa sembe, na mtama ukikomaa huvamiwa na ndege wa kwelea kwelea, kazi ya kuwafukuza ikiwaangukia watoto hao hao wanaopaswa kuwa darasani.

Tunaomba, Mheshimiwa, utabiri wa msimu usomwe na kufafanuliwa hapa kijijini kabla hatujanunua mbegu, utueleze vipindi vikavu vinatarajiwa lini, kwa sababu maneno "chini ya wastani" hayamwambii mkulima apande wiki gani. Tunaomba pia msaada wa kudhibiti kwelea kwelea kabla mtama haujakomaa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.