Kichwa kinachouma zaidi ukilala

Mhariri,

Damu ikiganda kwenye vena za ubongo (mishipa inayorudisha damu moyoni), wagonjwa 9 hivi kati ya 10 huumwa kichwa, na wengine hawana dalili nyingine. Damu hukosa njia ya kutoka, shinikizo ndani ya kichwa hupanda. Ndiyo maana maumivu huzidi siku hadi siku, hasa ukilala chali, ukikohoa au ukiinama. Ukianza kuona ukungu au kupata degedege, nenda hospitali saa hiyohiyo. Aliyejifungua ndani ya wiki 6, au anayemeza vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, amwambie daktari kabla hajaulizwa. CT ya kawaida (kipimo cha picha za eksirei za ndani ya kichwa) yaweza kuonekana safi kabisa. Inayotakiwa ni CT au MRI (picha za sumaku) inayoonyesha vena zenyewe. Tiba ni heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata pale damu imevujia ubongoni (wengi hushtuka wakisikia hili).