Hamira ya Mirihi

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mvua za vuli zimeanza. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya lile swali la mwanao: watu wakihamia Mirihi watakula nini?

Mwambie aanzie kwenye hamira unayotia vitumbua. Mwaka 2019 NASA, shirika la anga la Marekani, ilipeleka hamira ya jamii hiyohiyo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ila hii imebadilishwa jeni itengeneze zeazanthini, kirutubisho cha macho kilichomo kwenye mahindi ya manjano. Hukaa kavu ndani ya vifuko. Mwanaanga anatia maji, anaipasha joto, anasubiri siku mbili. Safari ya kwenda Mirihi na kurudi ni kama miaka 3, na vitamini za vidonge hupungua nguvu zikikaa sana. Hamira iliyolala unaiamsha siku unayoihitaji.

Lakini kilichonishika moyo ni udongo wa Mirihi. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta perkloreti kule, chumvi inayoizuia tezi ya shingo kupata madini joto. Unalikumbuka rovu la bibi yangu, basi unanielewa. Sasa, hapahapa duniani wapo bakteria wanaoitumia perkloreti kama sisi tunavyotumia hewa, na wakishaivunja inabaki kloridi na oksijeni. Wapo wanasayansi wanaopendekeza jeni zao zihamishiwe kwenye vijidudu vya kuandaa mashamba ya Mirihi. Sumu igeuke pumzi! Nilipofika hapo niliacha kusoma, nikatoka barazani kidogo.

Na si kila kitu kinahitaji kubadilishwa jeni. Mwaka 2021 Cyprien Verseux na wenzake wa Bremen, Ujerumani, waliikuza Anabaena, bakteria inayojitengenezea chakula kwa mwanga kama mmea, waliikuza kama ilivyo, kwa maji, udongo wa kuigiza wa Mirihi, nitrojeni na kaboni dayoksaidi, kwenye shinikizo la hewa kama sehemu 1 ya 10 ya hili letu.

Ninachoomba ni matangi ya kukuzia vijidudu hivi kule Mirihi yafungwe kabisa. Mkataba wa anga wa 1967 unakataza kuchafua sayari nyingine, na nauunga mkono kwa moyo wote. Vijidudu vyetu vikitoroka kabla hatujamaliza kuchunguza, tutajuaje kipi kilizaliwa kule na kipi tulikileta sisi?

Mpe mwanao kijiko cha hamira, sukari kidogo na maji ya uvuguvugu, akae aitazame ikiumuka. Swali lake la pili aniandikie mwenyewe.

Shoga yako akupendaye