Upimaji wa Jumamosi na swali jipya kwenye fomu

Habari za jioni wapendwa. Upimaji wa kufungua shindano letu la kupunguza uzito ni Jumamosi saa 1 asubuhi, palepale tunapofanyia mazoezi. Njoo kabla ya kula, bila viatu.

1. Kama umefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, au unatumia sindano za kupunguza hamu ya kula, jaza kwenye fomu aina na mwezi ulioanza. Hatumfukuzi mtu. Ila upasuaji wa kupunguza tumbo huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, na kilo hushuka kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo. Kumshindanisha aliyepona juzi na anayetegemea mazoezi na mlo tu ni kuwaonea wote wawili. Kwa hiyo makundi mawili, zawadi sawa.

2. Makundi yataonekana kwenye matokeo. Usiyetaka, fanya mazoezi nasi bila kushindana.

3. Picha ya "kabla na baada" kwenye tangazo letu itataja upasuaji, kwa maandishi yanayosomeka (si yale ya kutafuta kwa miwani). Mwenyewe asiporidhia, haitumiki.

Andikeni hapa "Nitakuwepo" tu, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Fomu nitumieni inboksi. Asanteni.