Bwana Nonomura, sare ya J2 usiiguse

Kwa Bwana Yoshikazu Nonomura,
Mwenyekiti wa J.League,
Tokyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi si Mjapani, Japani sijawahi kuikanyaga, na katika ligi yako sina kura wala hisa. Lakini J2, daraja la pili la soka la Japani, nimeifuata tangu mwaka 2019, Michael Olunga wetu alipocheza huko na Kashiwa Reysol. Yeye ameshahama zamani, akaenda Qatar. Mimi ndiye niliyebaki.

Nakuandikia kuhusu sare.

Katika mashindano haya ya mpito, Februari hadi Juni 2026, mmeamua kwamba mechi ikiisha sare dakika 90 twende kwenye matuta: anayeshinda matuta anapewa pointi 2, anayeshindwa pointi 1. Sina ugomvi na hilo. Hakuna anayepanda wala kushuka, na watu wakiwa wanahama nyumba hulala popote. Hofu yangu ni Agosti, msimu mpya utakapoanza kwa kalenda mpya ya kumalizikia mwaka unaofuata. Naogopa matuta yatakuwa yamewanogea, na kuna mtu atanyoosha mkono kikaoni aulize kwa nini yasiingizwe pia kwenye mchujo wa kupanda daraja, ule wa timu ya tatu hadi ya sita kugombea nafasi ya mwisho ya kwenda daraja la kwanza.

Huko kwenye mchujo mna kanuni moja ambayo wengi huku kwetu nikiwaeleza hawaamini. Hakuna muda wa ziada, hakuna penalti. Mechi ikiisha sare, anayesonga mbele ni yule aliyemaliza juu kwenye msimamo wa ligi. Basi. Hiyo ndiyo ninayoiombea.

Niruhusu nieleze nilivyoingia humu. Jumapili, tarehe 24 Novemba 2019, siku ya mwisho ya msimu. Saa nane mchana kwenu ni saa mbili asubuhi kwetu, nami nilikuwa kwa kinyozi, nataka kuwahi kanisani. Kashiwa walikuwa wameshatwaa ubingwa mzunguko mmoja kabla. Waliokuja na shida zao ni Kyoto Sanga, wana pointi 68 na wanahitaji ushindi ili wafikirie nafasi ya sita, ya mwisho ya mchujo. Mimi nasoma matokeo kwenye simu, kinyozi ananyoa. Kinyozi wangu ni K'Ogalo damu, Olunga alimshuhudia akiibebesha Gor Mahia kombe mwaka 2015. Kila nikitaja bao anazima mashine, anainama kuchungulia simu, anauliza, "Nani tena?" Olunga. Anawasha, anapitisha mara mbili, nataja tena, anazima. Nilitoka pale karibu saa nne, upande wa kushoto haulingani na wa kulia, mchungaji ameshamaliza mahubiri. Kashiwa 13, Kyoto 1. Olunga peke yake manane, rekodi ya J.League kwa mechi moja.

Kilichonifanya nibaki na ligi yenu, hata hivyo, kilikuja jioni nilipoangalia orodha ya wafungaji. Olunga alimaliza na mabao 27. Leonardo wa Albirex Niigata alimaliza na 28. Mtu anafunga manane kwa siku moja na bado anakikosa kiatu cha dhahabu kwa bao moja! Ina maana kuna nafasi fulani aliyoikosa mwezi wa nne au wa tano, mpira uliogonga mwamba au ule alioupaisha, ambao wala hakumbuki, na huo ndio uliomgharimu. Ligi ya mechi 42, kama ilivyokuwa wakati huo, ndivyo inavyohesabu. Haisahau kitu.

Sasa nije kwenye msimu wa 2023, kwa sababu ndio ushahidi wangu mkubwa.

Machida Zelvia walimaliza mapema kazi yao chini ya Go Kuroda, mwalimu aliyetoka kufundisha timu ya shule ya sekondari, jambo ambalo peke yake lingestahili barua nyingine. Vita ilikuwa ni nani anakwenda nao moja kwa moja. Tarehe 12 Novemba, mzunguko wa mwisho, Shimizu S-Pulse waliamka wakiwa wa pili. Walikwenda Mito, kwa timu ambayo haikuwa na cha kupata wala cha kupoteza, wakatoka 1-1. Jubilo Iwata wakashinda ugenini kwa Tochigi, Tokyo Verdy wakashinda ugenini kwa Omiya. Shimizu wakalala wa nne. Iwata na Verdy pointi 75 kila mmoja, Iwata akapanda kwa tofauti ya mabao. Shimizu pointi 74.

Wiki tatu baadaye, tarehe 2 Desemba, Verdy na Shimizu wanakutana fainali ya mchujo, Uwanja wa Taifa, watu 53,264. Klabu mbili kati ya zile kumi zilizoanzisha ligi mwaka 1993. Verdy, bingwa wa misimu miwili ya kwanza, hajaonja daraja la kwanza tangu 2008. Thiago Santana anaipa Shimizu bao kwa penalti dakika ya 63. Saa inakwenda. Dakika ya sita ya nyongeza, Itsuki Someno anaangushwa ndani ya boksi, anauchukua mpira mwenyewe, anamfunga kipa Shuichi Gonda kwa penalti. 1-1. Filimbi. Verdy wamepanda.

Jamaa yangu mmoja aliniambia hiyo si haki, fainali haina mshindi. Nikamwambia mshindi alikuwepo, ila ushindi wake ulianza kuhesabiwa Februari. Verdy 75, Shimizu 74. Ile penalti ilikuwa na uzito kwa sababu ya pointi moja tu, na pointi hiyo ilikusanywa katika viwanja ambavyo hakuna kamera ya kigeni iliyofika, mvua ya Juni, jua la Agosti. Mngewapeleka kwenye matuta siku ile, mngekuwa mmewaambia wachezaji wote wa J2 kwamba ile pointi ya 75 ilikuwa pambo.

Kuna wanaosema kanuni hii inamfanya aliye juu arudi nyuma kulinda lango, mpira unakufa. Suluhu ya Nagoya na Fukuoka mwaka 2017 siwezi kuitumia kumvutia mtu aipende soka, hilo nalikubali. Lakini anayejilinda hujilinda kwa hatari yake. JEF United, ambayo wewe mwenyewe uliwahi kuvaa jezi yake, ilihitaji sare tu dhidi ya Oita Trinita katika fainali ya 2012. Dakika ya 86 ikafungwa, tena na mtu aliyewahi kuichezea. Waliendelea kusubiri hadi mchujo wa mwaka 2025 walipoifunga Tokushima 1-0.

Na aliye chini je? Yeye hana pa kujificha. Novemba 2014, nusu fainali, Montedio Yamagata wa sita wako Iwata kwa Jubilo wa nne, 1-1, dakika ya pili ya nyongeza. Kwa kanuni nyingine kocha angewaambia vijana watulie, muda wa ziada upo. Kwa kanuni yenu, kipa Norihiro Yamagishi aliacha lango lake wazi, akakimbia uwanja mzima kwenda kwenye kona, akapiga kichwa. Bao. Yamagata wakaenda fainali wakaifunga JEF United ileile ya Chiba 1-0 na kupanda. Mheshimiwa, kipa hakimbii mita mia moja pale ambapo sare inampa nafasi nyingine.

Lakini sikuandiki kuisifu tu, maana kanuni hiyohiyo mliwahi kuitumia vibaya. Msimu ule wa 2019, wakati sisi tunasherehekea mabao manane, Tokushima Vortis walimaliza wa nne na pointi 73. Wakapita mchujo wa J2, kisha wakaambiwa bado: nendeni Hiratsuka mkacheze na Shonan Bellmare, timu ya 16 ya J1, daraja la kwanza, na sare ni ya Shonan. Tokushima walitangulia kufunga. Shonan wakasawazisha kipindi cha pili. 1-1, kila mtu akabaki alipo. Roasso Kumamoto, iliyokuwa imetoka J3, daraja la tatu, mwaka mmoja tu kabla, ikapata 1-1 yake kwa Kyoto, wakati huo wako J1, mwaka 2022 na kurudishwa nyumbani vilevile. Hapo sare ilikuwa inalinda nini? Verdy na Shimizu walicheza ligi moja, wapinzani walewale, mechi 42 kila mmoja, kwa hiyo unaweza kuwapima kwa mizani moja. Pointi za Shonan za J1 na za Tokushima za J2 haziingii mizani moja. Ile ilikuwa ni mwenye nyumba kupewa ufunguo wa ziada. Tangu 2023 mmeiondoa timu ya J1 kwenye mchujo, na kwa hilo nakushukuru. Tafadhali isirudi kwa jina jingine.

Wewe J2 unaijua kutoka ndani. Ulikuwa rais wa Consadole Sapporo ilipotwaa ubingwa wake mwaka 2016. Umewaona pia Mito, walewale walioivuruga Shimizu, wakikaa daraja la pili misimu 26 mfululizo tangu mwaka 2000, halafu Novemba 2025 wanaifunga Oita 2-0 siku ya mwisho na kuwa mabingwa kwa tofauti ya mabao, pointi 70 sawa na Nagasaki. Hakuna aliyedai wapigiane penalti.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Siku kamati yenu itakapofika kwenye kipengele cha mchujo, kabla hamjapiga kura, mtu mmoja asimame asome kwa sauti msimamo wa 2023: Machida 87, Iwata 75, Verdy 75, Shimizu 74. Halafu mpige kura.

Wako mwaminifu,
Shabiki wa Kashiwa Reysol,
Mombasa, Kenya